Panya Tisa wa Monica

Jumatatu, 8 Septemba
Kambi ya utafiti, Dirma. Upande wangu nyasi zilichomwa wiki iliyopita, makusudi, ili Daktari Agatha achunguze panya wa porini wanafanya nini baada ya moto. Mimi najua: wanakimbia. Mitego arobaini, sina panya hata mmoja. Monica, msaidizi mwenzangu, kapewa upande usiochomwa. Kapata tisa. Upendeleo mtupu. Ijumaa Daktari anachagua msimamizi kati yetu wawili. Mama kule Nambis nimeshamwambia ni mimi, naye kaitangazia jumuiya nzima. Wakaomba sala ya shukrani.

Jumanne, 9 Septemba
Nimeongeza siagi ya karanga kwenye chambo. Hakuna panya. Siagi iliyobaki nimekula, isije ikaharibika. Monica anasema hata mtego mtupu ni matokeo. Rahisi kusema ukiwa na tisa.

Jumatano, 10 Septemba
Mpango: kesho alfajiri nihamishie panya wa Monica kwenye mitego yangu. Panya wote wanafanana.

Alhamisi, 11 Septemba
Nililala kifudifudi kwenye nyasi zake, panya tisa kwenye kiroba. Akapita Mzee Gidahosh, jirani wa kambi, na ng'ombe wake. Hakuniona. Alishanipita hatua tano! Lakini mzee anapitaje bila salamu? Nikasema shikamoo. Mzee akaruka, kisha akaitikia marahaba na kuuliza nafanya nini humo. Nikasema utafiti.
Saa mbili Daktari akakuta tisa kwangu, kwa Monica patupu. Akasema huenda atabadilisha kila alichoandika. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Raha sana.

Ijumaa, 12 Septemba
Mzee Gidahosh kaja kambini kunisifu. Kamwambia Daktari kwamba nimelelewa vizuri: hata nikiwa nimelala katikati ya mitego ya Monica na kiroba kinacholia, nasalimia. Daktari akauliza kinaliaje. Mzee akaiga. Aliiga vizuri mno. Hesabu zote za jana zimefutwa, msimamizi ni Monica, mimi nabeba maji. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka.

Jumamosi, 13 Septemba
Mama kapiga simu kuuliza usimamizi unaendaje. Nikasema ni mzito.
Nimetafakari kosa langu kwa uaminifu, nimelipata: nilijificha kando ya njia ya wazee. Monica katega upya. Jumatatu nitaingilia upande wa kisimani. Huko wanapita watoto tu, na wa kutoa shikamoo ni wao.