Namna ya Kumshusha Bei Wyatt

Jumatatu, 6 Januari
Balaa! Gord Fehr, meneja wa timu yetu ya hoki ya barafuni, kaninong'oneza mgahawani kwamba timu ya Ardley inamtaka Wyatt. Wanatoa beki mmoja. Gord anasita. Dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa Ijumaa. Kahawa imenishinda. Wachezaji vijana wa mbali hukaa kwa wenyeji wa mji, na Wyatt yuko kwangu tangu Septemba. Toka mke wangu Irene afariki, ni yeye tu anayeniuliza nimelalaje. Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Haendi! Nitamshusha bei.

Jumanne, 7 Januari
Skauti wao, mtafuta vipaji, anakuja kesho kumpima kwenye mechi. Mpango: tumbo zito, miguu mizito. Nimepika pierogi, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vyenye viazi na jibini ndani, tangu asubuhi. Jirani yangu Doreen kachungulia dirishani, akauliza namwozesha nani. Wyatt kala sahani tatu, kaosha vyombo, kisha akasema, "Babu, hata nyumbani sijawahi kulishwa hivi." Nikaona aibu. Nikamwongezea sahani ya nne.

Jumatano, 8 Januari
Kwenye mechi, mabeki wa wageni wakamvaa Wyatt kwenye ukuta wa uwanja. Wakadunda! Kijana kasimama kama kabati la mwaloni. Mabao mawili. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka, ndipo nikakumbuka mpango. Skauti alikuwa anatabasamu peke yake. Vibaya sana.

Alhamisi, 9 Januari
Nimemvizia skauti akipata kifungua kinywa. Ni mama mpole, Colette Roy. Nikamtobolea kasoro zake zote. Kwamba Wyatt halali kabla hajampigia bibi yake. Kwamba anajichosha kuwaondolea majirani theluji bila kuombwa. Kwamba ukimtukana uwanjani, anacheka tu! Akanishika mkono. "Asante, mzee wangu. Uchezaji wake tuliuona. Tabia ndiyo tulikuwa hatuijui."
Jioni Ardley wakaongeza beki wa pili. Gord hasiti tena.

Ijumaa, 10 Januari
Kaondoka. Alishafika kwenye gari, akarudi mbio kunikumbatia. Akasema kule atacheza dakika nyingi zaidi, jambo aliloliota tangu utotoni, na kwamba Gord kamwambia ni mimi niliyemsifia. "Sitakusahau, babu." Nimsahihishe? Nikamfunga zipu ya koti. Nikaenda kulia gereji, kiutu uzima. Hata hivyo nashukuru. Nyumba hii ilikuwa imesahau kelele za mtu anayeshuka ngazi kwa kuruka.

Jumapili, 12 Januari
Jana Gord kaniletea wale mabeki wawili. Hakuna mwenyeji mwingine mwenye nafasi, kasema. Warefu kama milango! Leo mmoja wao, Teagan Olfert, kaamka kabla yangu, kanitengenezea chai, kisha akaniuliza goti langu linaendeleaje. Asante, Mungu, umenirudishia mara mbili!
Mchana Gord kapiga simu. Kuna klabu inamtaka Olfert dirisha likifunguliwa kiangazi, na skauti wao yuko mjini leo. Thubutu! Kosa langu nimeshaliona: Wyatt nilimsema kidogo mno. Huyu sitamhurumia. Nitasema kila kitu, mpaka ile chai.
Nimeshavaa koti.