Madaraja ya Joto katika Kisiwa cha Kuikkasaari

Tunaanza kwa jina la Mwenye Enzi asiyehitaji walinzi, amwekaye juu amtakaye na kumteremsha bila kuunda tume. Ama baada ya hayo, umma unaarifiwa kwamba Nyumba ya Mapumziko ya Rais wa Finland, kisiwani Kuikkasaari, imetimiza miaka mia moja. Na kwamba Kurugenzi ya Itifaki, baada ya vikao kumi na vinne, imefanikiwa kuweka utaratibu mahali pekee pasipokuwa na utaratibu katika jamhuri nzima, yaani ndani ya sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke.

Aliyefanikisha jambo hilo ni Bi Marjatta Kolehmainen, Mkurugenzi wa Itifaki, mwanamke mwenye nia safi, aliyekosa raha tangu alipogundua kwamba katika chumba kile cha mvuke waziri na mpishi hukaa ubao mmoja, wote wamejifunga taulo, na hakuna alama ya kumtambulisha mkubwa. Basi akawapanga watu. Ubao wa juu kabisa, unakojikusanya mvuke wote, ni wa Rais, na Mkurugenzi kushoto kwake. Ubao wa kati ni wa naibu wa Mkurugenzi, Bi Aune Tiilikka, pamoja na daftari la kumbukumbu. Chini sakafuni, kando ya jiko na ndoo, ni mwashaji wa jiko, bibi mzee Helvi Ruokonen. Kanuni ya Nne ikakamilisha: asitoke mtu kabla ya Rais.

Kulikuwa na waraka wa pili. Sauna ile ya magogo ibomolewe, ijengwe ya umeme yenye kuwashwa kutoka mji mkuu, kwa kuwa "joto la kuni halitoshelezi hadhi ya Dola." Helvi, aliyewasha jiko lile miaka ishirini na saba na kuishi katika kijumba cha jirani, angestaafishwa na kuhama kabla ya theluji. Ilibaki sahihi moja tu, na Rais aliahidi kuitia siku hiyo, baada ya kuoga.

"Usinichukie, mama Helvi," Mkurugenzi alimwambia mlangoni. "Ni mfumo tu."

"Nikuchukie kwa lipi, mwanangu? Ingia, ufunge mlango. Unanipotezea mvuke."

Rais Saimi Otava, mama mpole aliyelelewa shambani, alikaa alipoelekezwa. Helvi akachota maji kwa upawa.

"Nimwage?"

"Mwaga," akasema Rais.

Mawe ya moto juu ya jiko yakafoka mvuke. Mkurugenzi akahisi masikio yake yakijikunja.

"Joto zuri," akasema.

"Zuri," akaitikia Rais.

Zikapita dakika kumi.

"Nimwage?"

"Mwaga, mama," akajibu Mkurugenzi, kwani katika nchi ile anayekataa maji habari zake husimuliwa hadi kwa wajukuu.

Hapo ndipo shughuli za Dola ziliposimama. Rais ndiye aliyekuwa mwenyeji, naye alifunzwa na mama yake kwamba mwenyeji hatangulii wageni kutoka. Kwa hiyo akawangoja wageni. Wageni, kwa Kanuni ya Nne, wakamngoja yeye. Kusema kwamba joto limezidi hakukumjia yeyote akilini.

"Aune, unaandika?" Mkurugenzi akauliza kwa sauti nyembamba.

"Naandika, bosi. Nimeandika 'maji' mara tisa, sijui kwa nini."

Mkurugenzi akaipitia kanuni yake kichwani akitafuta upenyo. Hakuuona, akastaajabia jinsi ilivyoandikwa vizuri.

"Nimwage?" akauliza Helvi.

Mkurugenzi aliteleza kutoka ubao wa juu, akamruka naibu wake, akafungua mlango kwa kichwa, na mara ikasikika sauti ya mtu mzito kiofisi akiingia ziwani. Naibu akamfuata, kwa kuwa kazi ya naibu ni kufuata.

Baadaye, wakiwa gatini na vikombe vya kahawa, Rais aliuomba waraka na kalamu.

"Marjatta, hapa mmeandika joto halitoshi. Wewe lilikutosha?"

Mkurugenzi akapima majibu mawili. Kama halikutosha, basi amevunja Kanuni ya Nne bila udhuru. Kama lilitosha, waraka ni uongo.

"Lilitosha, Mheshimiwa."

"Basi niandikie hapo chini, kwa mkono wako."

Akaandika: *Joto limejaribiwa na Mkurugenzi mwenyewe na kuonekana linatosheleza hadhi ya Dola. Sauna na mwashaji wake wabaki.* Rais akatia sahihi chini ya maneno hayo.

"Nikaongeze kuni," akasema Helvi akiinuka. "Nani anarudi?"

"Mimi," akasema Rais. "Nawe leo utapanda juu, ukae nami."

"Na maji atamwaga nani?"

Wote wakamtazama Mkurugenzi, ambaye tayari alikuwa ameshika ndoo.

"Chini kuna hewa," akaeleza. "Kurugenzi haina pingamizi."

Ewe Mola, wabariki waliobaki kisiwani: wape afya, wape majira mema, na uwalinde na kila kikao kinachowajadili wasipokuwapo. Amina.