Lango la Threlfall

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ijayo mkaguzi wa serikali anakuja kusikiliza dai langu la njia. Sheria iko upande wetu. Uwanda wa juu wa Wetherlow ni ardhi ya wazi, mtu yeyote ana haki ya kutembea huko. Tatizo ni kuufikia. Kati yake na kijiji kuna shamba la Threlfall, na Threlfall ametia lango kufuli tangu Oktoba, siku moja tu baada ya mimi kupigilia kibao cha "Njia ya Umma" kwenye nguzo yake. Mtu wa visa sana! Kuzunguka ni maili sita, na nyonga ya mke wangu Maureen haiwezi. Miaka yote alipanda kila asubuhi. Sasa anakaa dirishani akiutazama uwanda kwa mbali. Inaniuma.

Lakini nitashinda. Nikithibitisha kwamba watu wamepita hapo miaka ishirini, bila kujificha na bila ruhusa ya mwenye shamba, njia inakuwa ya umma milele. Nimeanza na shahidi, mzee Cuthbert Lumb, miaka themanini na mitatu. Anakumbuka vizuri mno. Anasema amepita tangu utotoni, alfajiri, na sungura aliowaiba kwa babake Threlfall wamefichwa ndani ya koti. Nikamwomba awaache hao sungura. Amenuna. Anasema bila sungura hana la kusimulia.

Alhamisi, 6 Machi

Majani yameota njiani! Mkaguzi akija ataona nini? Nikapata wazo. Nikaruka ukuta, nikaenda na kurudi mara arobaini, nikikanyaga kwa nguvu zote. Ilinichukua muda wa saa mbili na nusu. Kufikia mara ya thelathini Threlfall alikuwa ameegemea trekta anakula pai. Hakunifukuza. Aliuliza tu kama nikimaliza naweza kushuka bondeni, maana huko nako kuna majani yanamsumbua. Fedhuli.

Jioni akafungulia ng'ombe. Njia yangu sasa ni tope tupu.

Jumanne, 11 Machi

Balaa. Ukumbi wa kijiji ulijaa. Cuthbert alisimulia sungura wote, mmoja mmoja, na watu wakamwomba aendelee. Mimi nikahutubia dakika ishirini. Kisha mkaguzi, mama mpole mwenye miwani, akamuuliza Threlfall kama ana ushahidi wowote. Akaweka mezani mkebe wa biskuti. Ndani, kadi zangu za Krismasi. Ishirini na mbili! Kila moja kwa mwandiko wangu: asante kwa kuturuhusu kupita shambani kwako mwaka mwingine.

"Na kila mwaka nilimjibu, karibuni, piteni tu," Threlfall akasema. "Wangekuwa wanapita mpaka leo, mama, kama si kile kibao."

Mkaguzi akasoma tatu, akavua miwani. Akanieleza taratibu, kama anayesema na mgonjwa, kwamba anayepita kwa ruhusa hajipatii haki. Uamuzi utakuja kwa maandishi, lakini hakuna haja ya kuusubiri.

Tukirudi nyumbani nikamwambia Maureen kwamba mtu mwenye adabu hushukuru.

"Adabu yako, Clement, ndiyo iliyonifungia njia," akasema.

Ijumaa, 14 Machi

Threlfall amebisha hodi asubuhi. Kaleta ufunguo wa lile kufuli. Ni wa Maureen, amesema, si wangu, na mimi nikionekana tena na nyundo anabadilisha kufuli. Hajamaliza kusema, Maureen keshavaa mabuti. Amerudi adhuhuri, mashavu mekundu, anaimba. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga. Hata hivyo, haki ya umma si kitu cha kuletewa mlangoni na Threlfall!

Bahati nzuri nimegundua njia nyingine ya kupanda, kupitia shamba la Bi. Pickup. Miaka ishirini bila ruhusa, basi. Nitakuwa na umri wa miaka tisini na mmoja. Nimeanza leo saa nane mchana. Katikati ya shamba nikakutana na Bi. Pickup mwenyewe, na ndoo yake. Nikavua kofia, nikamwomba radhi kwa matope, nikamuuliza kama ana kinyongo nikipita. Akasema hana kabisa, nipite siku yoyote nitakayo. Mama muungwana, si kama Threlfall. Nilipofika tu nyumbani nikamwandikia kadi ya asante.