Maghrib Haingoji Baiskeli

Jumapili, 19 Aprili

Nimeazimia. Baiskeli ya buluu itakuwa yangu kabla wiki haijaisha.

Ni ya Ami Khattab, mdogo wake Baba. Alimnunulia mkewe, mkewe akaipanda mara mbili, akasema inatosha. Tangu hapo imeegemea ukuta wa ua wetu hapa mjini Sib, inakula vumbi. Kila jioni naifuta kiti. Hakuna aliyeniomba. Hakuna aliyeona, vilevile.

Ami ni mtu wa wizara siku tano na mtu wa baiskeli siku mbili. Ijumaa alfajiri hupanda mlima wa Al Amerat na wenzake, akarudi mwekundu kama pilipili. Leo kaja kutazama kwetu zile mbio kubwa za baiskeli za Ulaya za majira ya kuchipua, siku moja tu, kilomita mia mbili na arubaini. Mbele ya watu wote akatangaza: baiskeli itakwenda kwa mtu yeyote wa nyumba hii anayejua kutazama mbio. Wijdan, binti wa shangazi yangu, akanitazama. Nami nikamtazama. Yeye anakaa mbali, mtaa wa Al Khuwair, lakini kwa Bibi kila mjukuu ni wa nyumba hii. Bahati mbaya.

Zikiwa zimebaki kilomita sabini, mmoja mwenye kofia ya njano akachomoka. Akaenda peke yake. Akaenda. Akaenda. Zilipobaki kilomita nane, adhana! Bibi akachukua rimoti, akaizima sauti. Ami akaomba dakika kumi tu, mama, kumi. Bibi akamwambia maghrib haingoji baiskeli. Ami akakimbilia msikitini, sisi tukaingia chumbani kwa Bibi.

Tuliporudi, Kofia Njano kashapewa maua.

Wijdan akapiga miayo. Akasema mbio gani hizi, mtu katoka peke yake, kafika peke yake. Bibi akaunga mkono: hiyo si mbio, hiyo safari. Mimi nikasema zilisisimua sana. Kwa nini? Kwa sababu moyo wangu ulikuwa unadunda. Na kwa sababu Wijdan kasema hazikusisimua.

Ami kaamua: Alhamisi baada ya alasiri, kila mmoja asimame atetee kauli yake. Marufuku kutazama muhtasari kwenye simu. Muhtasari ni chumvi, kasema. Ukiitia nyingi hata mawe yatanoga. Anataka tulichokiona kwa macho yetu, mubashara.

Nimeahidi. Mimi si mtu wa kuvunja ahadi.

Tatizo: sikuona mwisho.

Jumatatu, 20 Aprili

Mungu mkubwa!

Dada Nakitto, anayemsaidia Bibi kazi za nyumbani, ametoka Uganda na ni Mkristo. Jana sote tulipokwenda kusali, yeye alibaki sebuleni kukusanya vikombe. Hakukusanya hata kimoja. Alisimama na sinia mkononi mpaka mwisho!

Nimegundua leo jikoni. Alikuwa akikata vitunguu, akasema yule kijana wa jana nusura amuue kwa roho juu. Nikauliza kijana gani. Akaweka kisu chini.

Kumbe! Zilipobaki kilomita sita, Kofia Njano alipata pancha. Akasimama kando ya barabara, mkono juu, gari la timu yake halionekani. Nyuma wanakuja wawili wenye fulana nyekundu. Sekunde hamsini zikawa nane! Gari likafika, akapewa baiskeli ya mwenzake, kiti kirefu, miguu haifiki vizuri. Akakanyaga pedali hivyo hivyo, kwa ncha za vidole. Wale wawili wakamfikia mgongoni. Kwenye mstari akaisukuma baiskeli mbele, akashinda kwa upana wa kiganja. Na televisheni haina sauti! Dada Nakitto anasema alitangaza mwenyewe, kwa Kiganda.

Yote hayo sisi tukiwa tumesujudu.

Niliahidi kutotazama muhtasari. Sikuahidi kutosikiliza jikoni. Nimemwomba anisimulie tena, polepole, niandike. Amekubali, ila nimpigie pasi kanzu tano za Baba. Rahisi!

Jumanne, 21 Aprili

Kanzu tatu zimenyooka kama karatasi. Ya nne, kile kishada cha nyuzi kinachoning'inia shingoni kimeshika moto. Moto mdogo. Moshi mwingi. Nimeikunja, nimeiweka chini kabisa.

Wijdan katuma ujumbe wa sauti. Anasema amehesabu: kwa saa moja na dakika arubaini na nane hakuna aliyempita mwenzake. Amechora na mchoro. Anasema hata foleni ya Al Khuwair inasisimua zaidi, maana kule angalau kuna watu wanakupita kwa pembeni. Niliusikiliza kwa sauti kubwa bila kukusudia. Bibi akacheka mpaka akajifuta macho.

Kisha Wijdan akauliza, kwa utamu wake ule: kwani wewe mwenzetu mwisho uliuona?

Kidole changu kikajibu kabla sijakiruhusu. Niliona kila kitu.

Ukaenda. Alama mbili za buluu. Kausoma.

Sasa kuna uwongo mmoja duniani wenye jina langu. Lakini ni mdogo, na Alhamisi utakuwa umemaliza kazi yake.

Jumatano, 22 Aprili

Baba kaiona kanzu. Kauliza ni nani. Nikasema pasi imezeeka. Bibi akaitazama pasi. Pasi ilinunuliwa baada ya Idi. Dada Nakitto alikuwepo, hakusema neno. Mungu ambariki.

Sasa kuna uwongo mwingine. Huu wa pili sikuupanga.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo mara saba. Mara ya saba nimejiliza mwenyewe. Ila kuna jambo: juzi Dada Nakitto alisema pancha ilikuwa gurudumu la mbele, leo anasema la nyuma. Nikamwambia achague. Akanijibu: mimi nilikuwa nalia, mtoto, gurudumu ni gurudumu. Nimechagua la mbele. Linatisha zaidi.

Nimeacha chakula nusu sahani. Bibi kauliza kama naumwa. Nimesema ni mtihani. Kwa namna fulani hiyo ni kweli.

Alhamisi, 23 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu.

Baada ya alasiri. Kahawa, halwa, wote wamekaa. Wijdan kaanza. Mchoro wake una rangi nne. Dakika zisizo na tukio kazipaka kijivu. Karatasi nzima kijivu, kama anga ya vumbi. Akamaliza kwa kusema kwamba msisimko ni kutojua nani atashinda, na sisi tulijua tangu alasiri. Akapigiwa makofi.

Nikasimama. Nikaanza na ule mkono juu kando ya barabara. Nikasema sekunde hamsini, arubaini, ishirini, nane. Baba akaacha halwa njiani kuelekea mdomoni. Nikaeleza kiti kirefu na ncha za vidole. Ami akasogea ukingoni mwa kiti. Nilipofika kwenye kiganja, akainuka, akasema wallahi hivyo ndivyo mbio zinavyotazamwa! Akaanza kutafuta ufunguo wa kufuli la baiskeli mfukoni.

Niliuona ufunguo. Nimeuona kwa macho yangu, mubashara.

Hapo Bibi akaweka kikombe chini.

“Haya, mama. Maneno matamu. Nnataka kujua kitu kimoja tu. Haya uliyaona saa ngapi?”

Nikasema mwishoni.

“Mwishoni kulikuwa na adhana. Maghrib uliisali wapi?”

Nikapiga hesabu. Nikisema niliona, sikusali. Nikisema nilisali, sikuona. Upande huu aibu, upande huu aibu. Nikatafuta njia ya katikati.

Nikasema nilisali huku natazama.

Ya Rabi! Shangazi akashika kifua. Wijdan, hata yeye, akafunga macho kwa huruma. Bibi hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

“Nasriya. Ulikuwa ubavuni mwangu. Umenikanyaga kidole rakaa mbili kamili, mpaka leo kina alama. Umesali, mwanangu, tena vizuri. Sasa mbona unajisingizia?”

Ami akauliza taratibu ni nani basi kaniambia. Sikumtaja. Hilo moja nalijivunia. Lakini macho yangu yakaenda mlangoni peke yao, na mlangoni alikuwa Dada Nakitto na sinia.

Ami akamwomba aseme kama mbio zilisisimua. Akaona haya. Kisha akasema:

“Bwana, mimi sijui mambo ya mashindano. Lakini yule kijana alisimama barabarani na mkono juu, na hakuna mtu aliyekuja. Nikamwambia, wewe, usilie, watakuja. Nilisahau vikombe.” Akanigeukia kidogo. “Na ilikuwa gurudumu la nyuma.”

Ami akavua miwani, akaifuta. Akasema katika nyumba hii nzima mtu mmoja tu ametazama mbio. Akampa ufunguo.

Wijdan akafungua mdomo. Bibi akamfunga kwa jicho: ahadi imetolewa mbele ya watu, mtu yeyote wa nyumba hii, na Nakitto analala nyumba gani?

Adhabu yangu ni kupiga pasi mwezi mzima. Kwa pasi ileile iliyozeeka.

Ijumaa, 24 Aprili

Dada Nakitto kaenda na baiskeli mpaka pwani na kurudi, kabla jua halijawa kali. Kaingia getini anacheka peke yake. Akaniita. Kasema nikirudi shule siku yoyote nichukue nizunguke, nimwombe tu, hana neno.

Nimwombe tu! Wiki nzima, kanzu tano, vishada, hesabu za sekunde, na kumbe dunia ina njia rahisi namna hii. Nimekaa kizingitini nikafikiri sana. Nimeona wazi kwamba ukweli haumchoshi mtu. Nimeamua kuwa mtu mwingine.

Kisha Wijdan akatuma ujumbe. Ananipa pole. Pole yake ina vicheko vitatu.

Nimemjibu kwamba asijali, Dada Nakitto amenipa baiskeli. Kabisa. Ni yangu.

Anakuja kesho kuiona.

Haina shida. Baiskeli ipo, mimi nipo, na Dada Nakitto kesho ana kazi nyingi za ndani. Kuna jambo dogo tu: jana kaandika jina lake kwenye fremu, herufi kubwa, kwa rangi nyekundu ya kucha.

Nimemuuliza Bibi kama tuna rangi ya buluu. Kauliza ya nini. Nimesema kazi ya shule.