Kijana Moto na Baraza la Wazee

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kikao cha wazee wa kanisa. Mchungaji kasema mambo yamebadilika. Vijana wengine wako kazini Jumapili, wengine wanalea watoto peke yao, wengine wanasikiliza mahubiri kwenye simu wakiwa kitandani. Mabenchi yao ya kushoto yamebaki na vumbi tu. Sisi wazee ndio tunaoishi na watu mitaani, kasema, basi kabla ya Jumapili kila mmoja akawasikilize vijana. Kusikiliza tu, kasisitiza, huku akinitazama mimi. Sijui kwa nini.

Mzee Tai, mwenzetu anayevaa tai hata akienda kunyoa, akasimama. Kwake dawa ni nidhamu. Msichana akipata mimba kabla ya ndoa, haitoshi kumtoa kwaya na kumkalisha benchi la nyuma kama ilivyo sasa. Atangazwe mbele ya waumini! Wenzangu wakaitikia kwa vichwa: lipitishwe na waumini Jumapili. Mimi pia nikaitikia, maana shingo ilikuwa imechoka.

Uenyekiti wa baraza utakuwa wazi mwezi ujao, naye anautaka. Hatauona!

Kusikiliza. Yaani kupeleleza. Hapo mchungaji amepata fundi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimenunua laini mpya ya simu na kuomba kuingizwa kwenye kundi la vijana la wasapu. Jina: Kijana Moto. Picha: pikipiki nyekundu. Nikaandika karakanani kwangu, katikati ya makochi yanayosubiri vitambaa: "Vijana wenzangu, natumaini hamjambo kiafya. Mimi ni kijana mwenzenu na magoti hayanisumbui kabisa. Wasalaam."

Wamenipokea kwa shangwe! Vikatuni vya kucheka hadi machozi, safu kwa safu. Sijawahi kupendwa hivi popote.

Nikauliza wanawaonaje wazee wa kanisa, hasa yule fundi makochi, mtu wa busara na sura nzuri. Kisha mmoja akajibu kwamba fundi makochi ana moyo mwema, ila ukimweleza shida anakudakia maneno kabla hujafika katikati. Wivu huo!

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mambo makubwa! Ujumbe wa pembeni kutoka kwa msichana anayejiita Kipepeo. Ana mimba. Mwanamume kazima simu na kuhama mji. Anaimba kwaya na anaiogopa Jumapili, lakini anayemwogopa zaidi ni baba yake. Baba ni mzee wa kanisa.

Nilishtuka, bunduki ya pini ikafyatuka, mkono wa shati langu ukapigiliwa kwenye kochi la mteja. Sikujali. Wazee wenye mabinti kwenye kwaya ni wawili tu, Mzee Tai na mimi. Na wangu namjua. Kwa hiyo ni binti wa Mzee Tai! Mwenye nidhamu! Nilitaka kuruka kwa furaha, lakini kochi lilikuwa zito.

Nikamwandikia hapo hapo, kidole kimoja kimoja. Mwambie baba yako leo. Usiogope. Baba anayemfukuza mwanawe siku ya shida si baba, ni jiwe. Baba wa kweli humwambia mwanawe keti, umechoka. Maneno matamu hasa. Nilitaka yamfikie Mzee Tai yakiwa ya moto.

Akajibu kwamba atamwambia leo leo. Nimefungua dirisha la upande wa nyumba ya Mzee Tai. Nangoja mayowe.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Hapakuwa na mayowe kwa Mzee Tai.

Jana jioni tulikuwa mezani. Binti yangu, muuguzi, kaingia na sare zake za hospitali, kasimama karibu na mlango. "Baba, nina mimba."

Nikafungua mdomo. Akaniwahi. Kuna kijana mmoja, kasema, kamshauri vizuri sana. Kasema baba anayemfukuza mwanawe siku ya shida ni jiwe. "Wewe ni jiwe, Baba?"

Mke wangu akaweka kijiko chini. Nikaitafuta hasira. Nilikuwa nayo, ilikuwa hapa hapa kifuani, ila kila neno nililotaka kusema lilikuwa limeshajibiwa na Kijana Moto. Mtu yule ana maneno!

"Keti, mwanangu," nikasema. "Si hicho, hicho springi yake imelegea." Nikampa kiti changu. Akalia. Mama yake akalia. Mimi vumbi la sponji lilikuwa limeniingia machoni.

Leo sijapiga hata pini moja ikakaa sawa. Keshokutwa wanapitisha lile tangazo, na nililiitikia mwenyewe.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mkutano wa waumini wote baada ya ibada. Kabla ya lolote, mchungaji akasema kuna binti amemruhusu asome ushauri aliopewa. Akasoma. Jiwe, keti, umechoka, yote. Watu wakapangusa macho. Akauliza kijana huyu mwenye hekima ni nani.

Mzee Tai akasimama, akanyoosha tai, akasema kwa unyenyekevu kwamba ni mpwa wake. Kamlea yeye mwenyewe!

"Mwongo!" Nilikuwa nimeshapanda juu ya benchi. "Kijana Moto ni mimi!"

Kisha vijana wote kwa pamoja: "Tunajua!"

Binti yangu akasimama katikati ya kwaya. Kasema alinijua tangu ujumbe wa kwanza. Hakuna kijana anayetoa taarifa za magoti yake. Nikamuuliza, mbele ya watu wote, sasa mbona hakunieleza nyumbani?

"Nyumbani unanidakia maneno, Baba. Kwenye simu unachapa polepole. Nikapata nafasi ya kumaliza."

Nikashuka, nikaenda kusimama kando yake, upande wa sauti ya pili. Nikaomba tangazo lifutwe, kwaya ibaki na waimbaji wake, na benchi la nyuma waachiwe wanaochelewa. Mikono ikainuka. Wa Mzee Tai ulikuwa wa mwisho, lakini uliinuka.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mchungaji kapita karakanani. Kanishukuru, kisha kaniambia kwa upole kwamba bila shaka sasa nimeona: watu wakisikilizwa uso kwa uso, hakuna haja ya kujificha. Nikamwambia nimeona kabisa.

Nimetafakari. Kosa lilikuwa moja tu: pikipiki. Ningeweka picha ya gari.

Sasa, akina mama wana kikao chao Jumatano kuhusu huo uenyekiti, na wanaume hawatakiwi. Nimechukua gauni la maua la mke wangu, na kilemba. Nitakaa nyuma, nitasikiliza tu. Ndevu nitanyoa kesho. Masharubu yatabaki, akina mama hawaangalii mambo madogo madogo.