Mgombea Asiyeombwa Kujitoa

Jumatatu, 3 Oktoba
Nimepata njia ya kumrudisha mke wangu. Nagombea ubunge.

Watasema fundi saa karukwa na akili. Waseme. Hapa kwetu Chama hushinda kila uchaguzi, na anayethubutu kupambana nacho hufuatwa nyumbani abembelezwe ajitoe. Kazi hiyo ni ya katibu wa akina mama. Yaani mke wangu, Kidoti, ambaye tangu tugombane amehamia kwa dada yake na hapokei simu zangu. Atabisha hodi. Nitakataa. Atarudi. Nitakataa tena. Tutazoeana upya.

Jioni nimemwona mfamasia, ambaye ndiye upinzani wote wa jimbo hili. Nusura anibebe kwa furaha.

Jumatano, 5 Oktoba
Nimepitishwa. Ofisa wa uchaguzi kaniuliza kama nyumbani wanajua. Nimesema hakuna mtu nyumbani.

Nimefagia hadi uvunguni. Nimenyoa ndevu. Hajaja.

Jumamosi, 8 Oktoba
Hodi! Nimekurupuka, goti likagonga meza. Kumbe dereva wa Chama, kaleta saa ya mwenyekiti itiwe betri. Nimemuuliza, kwa ukali wa kipinzani, kama ofisini wana habari zangu. Kasema wanazo, walicheka sana siku nilipopitishwa. Na kuja kunishawishi je? Kasema mwenyekiti ameona haina haja, petroli imepanda.

Dharau gani hii. Nitaita mkutano wa hadhara. Wakiona umati watashtuka.

Alhamisi, 13 Oktoba
Umati: mfamasia, mimi, na bibi mmoja aliyedhani tunagawa dawa.

Nilikuwa kwenye suala la maji msafara wa Chama ulipopita. Kidoti yuko juu ya gari, anaimba. Amekonda. Hotuba yote ikanitoka kichwani. Nikajikuta nauliza, kipaza sauti mkononi, "Kidoti, umekula?"

Gari zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliacha kuimba, akaniangalia mpaka wakakata kona.

Mfamasia ananuna. Bibi kasubiri dawa mpaka jioni.

Ijumaa, 14 Oktoba
Amepiga simu! Yeye mwenyewe!

Nilijiweka sawa kitini kabla ya kupokea. Akauliza kwa nini namwaibisha mbele za watu. Nikamwambia siasa ndivyo zilivyo. Akasema taratibu, "Mimi sijatumwa na mtu. Kama una neno na mimi, njoo kwa dada. Tuongee."

Ujanja wa Chama nao. Wanataka nitoke nyumbani, nilegee. Nikajibu, "Waambie sijitoi ng'o."

Nikamsikia anavuta pumzi. Simu ikakatika.

Nimewabana. Nimekaa karibu na simu hadi sasa, maana lazima atapiga tena. Nyumba imekuwa kimya kweli. Nimezitia funguo saa zote za wateja, angalau kuwe na sauti.

Jumapili, 16 Oktoba
Nimepiga kura. Nimejichagua bila kusita. Kidoti alikuwa foleni ya pili, kanisalimia kwa kichwa. Nami nikamsalimia kwa kichwa, kama mgombea.

Jumatatu, 17 Oktoba
Nimepata kura mbili.

Ya mfamasia haimo. Kakiri mwenyewe: alipoishika kalamu alikumbuka leseni ya duka. Bibi wa dawa kapita dirishani kusema ile ya pili ni yake. Sikubishana naye, lakini macho yake hayaoni vizuri. Ile ni ya Kidoti. Naijua.

Nikaenda mpaka kwa dada yake. Alikuwa uani peke yake, anaanika nguo, mlango wa ua uko wazi. Aliniona. Akasimama, shati likiwa bado mkononi. Ilibaki mimi kuingia tu. Lakini mtu aliyeshindwa vile ataingia na sura gani? Nikampungia mkono, nikapita moja kwa moja, haraka haraka kama mwenye miadi.

Njiani nimegundua kosa langu. Ubunge ni mdogo, ndiyo maana hawakujali. Uchaguzi ujao nagombea urais. Kwa urais lazima watamtuma.