Nani Atawapeleka Watoto Baharini

Jumapili, 1 Juni 2025

Ndugu yangu Shajara, Bwana asifiwe. Habari za masiku? Natumaini u mzima kama nilivyo mimi, ukiondoa goti. Leo nimefanya jambo. Wakati wa shukrani nilisimama mbele ya kanisa zima nikatangaza kwamba likizo hii mimi Hezekia, fundi baiskeli wa sokoni Kilosa, nitaipeleka familia yangu baharini. Na si kuitazama bahari tukiwa mchangani! Tutapanda mashua ya tanga pale Bagamoyo, tufuate pwani mpaka Saadani, tulale, turudi. Makofi! Vigelegele! Mchungaji alisema amina mara mbili.

Wewe sikufichi. Jirani yangu Bonifas, seremala, aliwapeleka wanawe mbugani Mikumi, na tangu siku hiyo binti yangu Imani anasimulia simba wa Bonifas kana kwamba Bonifas ndiye aliyewazaa. Nataka wanangu wakishakuwa watu wazima waseme: bahari tulionyeshwa na baba. Basi. Sina haja na kingine.

Nyumbani mke wangu Sikuzani hakupiga kigelegele. Aliuliza kama nimemwambia mjomba wa watoto. Nikamuuliza baba wa watoto hapa ni nani. Akaendelea kuchambua mchele.

Jumanne, 3 Juni

Nimeongea kwa simu na Kapteni Mudi, mwenye mashua. Mtu mpole lakini maneno yake hayashikiki. Kasema tutaondoka maji yakijaa. Nikashtuka. Nikamweleza kwamba sisi huku mto Mkondoa ukijaa tunabeba magodoro na kuku tunakimbilia juu, mtu hapandi chombo. Akacheka. Kasema bahari hujaa na kutoka kila siku. Inatoka! Nikauliza inakwenda wapi. Kasema inarudi tu, mzee wangu. Nani anahakikisha kwamba inarudi? Hapo mtandao ukakatika.

Nimemwomba Mungu anifunulie. Bado.

Jioni nimeanza mafunzo uani. Kitanda ndiyo mashua, shuka ndiyo tanga, matofali chini ya mguu mmoja ndiyo mawimbi. Goodhope, wangu wa pili, alitapika. Nikafurahi, maana kila mtu anasema baharini watu hutapika, kwa hiyo mafunzo yanafanya kazi. Sikuzani kasema mtoto alikula mapera mabichi.

Alhamisi, 5 Juni

Siku mbaya. Nilitengeneza boya la kujiokolea: madumu manne matupu ya mafuta ya kula, nikayafunga kiunoni kwa mpira wa tyubu, na mpira nauamini kuliko watu. Nikaenda kulijaribu kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga. Kuogelea sijui, ndiyo maana ya boya.

Kuelea nilielea. Ila kilichoelea ni kiuno. Miguu juu, kichwa chini. Na kwa sababu fundi ni mimi, fundo lilikataa kufunguka! Akina mama waliokuwa wakipalilia walidhani ni ubatizo wa dhehebu jipya.

Kati ya watu wote wa Kilosa, aliyenitoa ni Bonifas. Yule kazaliwa Kidete, mtoni kabisa, anaogelea kama kambale. Alinivuta kwa mguu akiuliza: Vipi Nahodha, Saadani umefika? Nilimshukuru Kikristo. Moyoni nilimshukuru kidogo.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeshindwa, nimekwenda Mikumi kwa mjomba. Hapa lazima nikueleze. Babu yangu aliletwa kutoka Songea kukata mkonge, na kwetu mtoto ni wa baba. Akina Sikuzani ni Wasagara. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno la mwisho ni kaka wa mama. Mtoto wa kwanza jina alitoa mjomba. Kitovu alizika bibi. Mimi nilinunua nepi.

Mjomba mwenyewe ni Evance, anakaanga chipsi kando ya barabara kuu, malori yanaposimama. Kijana! Shikamoo ananiamkia yeye, tena kwa mikono miwili. Kisha anaamua mambo ya nyumba yangu.

Nilimpelekea jogoo mwekundu, nikaingia kwa unyenyekevu, nikasema watoto wanaomba ruhusa ya kusafiri juu ya maji makubwa. Nilijiandaa kwa vita. Evance akageuza chipsi zake akasema hakuna shida shemeji, watoto wataenda, ila ngoja niwasikie wazee wa ukoo. Mara moja namna hiyo! Nikauliza hana swali? Analo: eti ni kweli nilitolewa mferejini miguu juu? Habari imefikaje Mikumi kabla yangu, sielewi.

Hata hivyo nimerudi nikiimba. Watoto wataenda! Kasema mwenyewe!

Jumatano, 11 Juni

Shajara, niko chini ya maji tena, safari hii nikiwa nchi kavu.

Evance kafika asubuhi na begi. Shikamoo shemeji. Marahaba. Akaketi, akakohoa, akasema wazee wamekaa kikao kijijini Vidunda na wamekubali kwa moyo mmoja. Watoto wataenda. Watakwenda na mjomba.

Nikasema vizuri, karibu, tutakwenda sote. Akasema hapana, shemeji wewe utabaki. Nikauliza kosa langu. Akasema huna kosa, tunakuheshimu mno. Kisha akanieleza taratibu, kama ninavyomweleza mteja kwamba rimu imepinda:

"Wakizama na mimi, ni msiba wa ukoo. Wakizama na wewe, ni kesi."

Nimelipindua neno hili siku nzima. Kila ninapoligusa, liko sawa. Na kila nikisema liko sawa, ninaumia.

Nikajitetea kwamba mashua inabeba abiria sita, na wanaokwenda ni Sikuzani, Imani, Goodhope, Costancia wetu mchanga, na yeye. Watano! Nafasi yangu ipo! Evance akasema ya sita wazee wameelekeza apewe mtu anayejua maji. Akaniuliza hapa mtaani namjua yeyote anayeogelea.

Mimi ni mzee wa kanisa. Siwezi kusema uongo.

Bonifas alikuwa tayari amevaa kaptula.

Jumamosi, 14 Juni

Wamekwenda jana, leo wako majini. Nyumba kimya. Nimekula ugali wa jana peke yangu na nimewapa maji mbuzi wa Bonifas aliowaacha uani kwangu, kwa sababu aliniomba kama jirani.

Saa nane simu. Ni Sikuzani, upepo umejaa kwenye simu yake. Kasema baba Imani, ni kubwa. Halafu akampa Imani simu. Nikamuuliza mama, umeiona? Akasema ameiona, mjomba amewashikisha kamba ya tanga, Bonifas ametapika kuliko watoto wote. Nikamwombea Bonifas, nikacheka mpaka mbuzi wakanitazama. Kisha mwanangu akasema: baba, mbona wewe hukutaka kuja?

Hukutaka! Nikataka kumweleza ukoo, wazee, Vidunda, kesi. Mtandao ukakatika. Nimepiga tena mara nyingi. Hapatikani. Nadhani bahari imetoka.

Nimekaa kizingitini jioni yote. Nikaomba, nikalia kidogo, nikapata wazo.

Mwakani, Shajara, ni ziwa! Treni mpaka Kigoma, kisha meli kubwa, na mimi mbele kabisa, kila mtoto na mkono wake mkononi mwangu. Mara hii nimejanjaruka: Evance hataambiwa hata nusu neno. Ni siri nzito. Nimemdokeza mke wa Bonifas tu, alipokuja kuchukua maziwa ya mbuzi wao, na kesho nitaitaja kidogo wakati wa shukrani ili kanisa liniombee.

Jambo moja tu linanitatiza. Hivi ziwa nalo hutoka? Tafadhali nijibu mapema.

Wako katika Bwana,
Hezekia